Jirani wa Juu na Atomi za Mama Mapacha

Nyumbani,
3 Februari

Mama Mapacha,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, napenda kuutangazia umma kwamba bomba la jikoni limeacha kudondosha. Umma uliokuwa ukilalamika tangu mwaka juzi, yaani wewe, unaombwa kuzipokea habari hizi kwa utulivu. Ukweli mdogo unaobaki ni kwamba maji yamekatika mtaa mzima, lakini sioni sababu ya kuharibu tangazo zuri kwa jambo kama hilo.

Ulisema tuandikiane barua kwa sababu huko chini ya ardhi simu haishiki, na ikishika mimi nahutubia na wewe unasinzia. Nimekubali. Kwenye barua angalau sikusikii ukikoroma.

Mapacha hawajambo huko bweni. Wamenipigia simu, kila mmoja kwa wakati wake, kuomba kitu kile kile, wakitumaini baba yao mwalimu wa fizikia hajui kujumlisha.

Kazini, mkuu wa idara ameniomba niandike upya mihadhara ya utangulizi wa nadharia faafu za uga. "Wewe ndiye unayeijua, Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mwenzake ufagio. Kwa hiyo kila Jumanne nasimama mbele ya darasa na kueleza jinsi mtu anavyoweza kuhesabu vizuri bila kujua kila kitu. Wanafunzi wameshika nusu ya pili ya somo: hawajui kila kitu.

Nasikia Kidevu naye yuko maabara hiyo hiyo. Yule mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekaa mstari wa mbele na kidevu chake kama droo iliyosahauliwa wazi. Msalimie. Mwambie mwalimu wake bado anapumua.

Wako,
Baba Mapacha


Maabara,
12 Februari

Baba Mapacha,

Tangazo limepokelewa. Umma unauliza: maji yakirudi, serikali yako itatoa tamko la kukanusha?

Mimi sijambo, ila baridi ya huku chini inaingia hadi kwenye meno. Ukumbi wetu una meza moja ya chuma, ndefu kuliko kitanda chetu, imejaa vioo vidogo visivyoguswa hata kwa pumzi. Katikati kuna chombo kilichonyonywa hewa yote, na ndani yake ndiyo kazi yangu: kijiwingu cha atomi, kidogo kuliko punje ya mchele, zimepozwa kwa leza hadi zinatambaa. Natafuta rangi kamili ya nuru ambayo atomi hizi huimeza. Jana nilipiga chafya karibu na meza, na asubuhi nzima ikaenda na chafya.

Kidevu nimemkuta. Ndiye mwenye upande wa nadharia hapa. Amefuga ndevu, zimemkaa vizuri. Ananiita Mama Mwalimu na bado anasimama nikiingia, mpaka wenzake wanamcheka. Na sikia hili: amenieleza hiyo nadharia yako faafu kwenye ubao wa korido, nikaielewa kwa mara ya kwanza maishani mwangu!

Alisema: fikiria una jirani anayekaa juu yako. Humwoni. Unasikia vishindo tu. Hujui kama anasogeza kabati au anajifunza kudansi, na huna haja ya kujua. Ukitaka kukisia taa yako ya darini itatikisika kiasi gani, unahitaji namba moja tu, uzito wa kishindo. Yote usiyoyaona juu ya dari yamefungwa humo, na namba hiyo huibuni, unaipima. Ukitaka usahihi zaidi, unaongeza namba ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, kisha ya tatu, ndogo zaidi. Na uzuri wake ni kwamba ukiishia popote unajua mapema utakosea kwa kiasi gani.

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Kwa nini wewe hukuwahi kunieleza hivyo?

Wako,
Mama Mapacha


Nyumbani,
20 Februari

Mke wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena, nikasimama.

Huyo jirani ni WETU. Ni yule bwana wa ghorofa ya tatu mwenye nyayo za tembo! Mfano huo niliutunga mimi, kwenye meza yetu ya chakula, siku alipoangusha kitu ambacho hadi leo hatukijui, na wewe ulikuwa umekaa mbele yangu unamenya viazi. Nilikueleza kuanzia kishindo hadi namba ya tatu. Unajua ulisema nini? Ulisema "Mh." Kisha ukaniomba nikupe sufuria. Kidevu aliusikia darasani kwangu, na sasa anautembeza kwenye makorido ya watu kama shati la kuazima.

Na wewe ukacheka hadi ukaegemea ukuta. Ukuta gani? Na yeye alikuwa ameegemea wapi? Korido hiyo ina upana gani? Hizo ndevu zimemkaa vizuri kwa maana gani hasa: kwamba ni safi, au kwamba ni nzuri? Usiniambie nina wivu. Mimi ni mtu wa sayansi, naomba data.

Hivi alikueleza habari za chembe? Najua hakukueleza, maana siku ya mhadhara ule alikuwa mgonjwa. Basi nikueleze mimi. Kulikuwa na chembe nzito mno, nzito kiasi kwamba kwa miaka mingi hakuna mtambo ulioweza kuitoa nje ikaonekana. Watu hawakungoja. Walihesabu jinsi viini vya atomi vinavyooza bila kuijua kabisa, mahali pake wakiweka namba moja waliyoipima. Mitambo ilipokuja kupata nguvu na chembe ikatoka hadharani, ile namba ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi yake. Haya ndiyo mambo ya kumwegemeza mtu ukutani. Si jirani.

Ingawa jirani ni mzuri pia. Ni wangu.

Baba Mapacha

Nyongeza: Maji yamerudi. Sina la kusema.


Maabara,
1 Machi

Baba Mapacha, mume wangu, mtu wa sayansi,

Data ulizoomba ni hizi. Ukuta: wa kushoto. Upana wa korido: watu wawili wanapishana, wakiwa hawajanenepa. Yeye aliegemea swichi ya taa bila kujua, ikazimika, tukabaki gizani tunaulizana ni nani amefanya hivyo. Zitumie upendavyo.

Hee, kumbe wewe bado unaweza kuvimba hivyo! Nilijua ni mfano wako, mzee. Viazi nilikuwa namenya kwa mikono, masikio yalikuwa kazini. Nilicheka kwa sababu nilisikia maneno yako yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, hadi lile "sasa sikilizeni hapa" lako, hata kile kikohozi unachokohoa kabla ya jambo unaloliona la busara. Kijana anakukohoa wewe. Hajui.

Siku hizi ameacha kuniita Mama Mwalimu. Nilimkataza, maana kwenye vikao watu walidhani nimekuja kumpelekea mtu chakula. Sasa ananiita Dada. Nahisi imenipunguzia miaka.

Tuache utani. Nina jambo, na ni wewe tu wa kunisaidia.

Atomi zangu kwenye kile kijiwingu zinagongana. Kila zikigongana, rangi ya nuru wanayoimeza wagonganaji hao inasogea kidogo. Lazima niondoe huo msogeo ndipo nipate rangi halisi. Mimi napima, kuhesabu sahihisho ni kazi yenu watu wa nadharia. Kidevu amehesabu, na anasema kwa atomi za aina hii sahihisho si dogo hata kidogo. Likiwa kubwa hivyo, jibu langu halilingani tena na vipimo vya zamani. Itabidi tufumue mtambo, turudie kila kitu kwa wingu jembamba zaidi, na huo ni mwaka mzima mwingine. Mkurugenzi ameshaniuliza kama nitakuwa tayari kubaki.

Likiwa dogo, kazi yangu imekwisha. Nitasoma matokeo kwenye kikao cha Ijumaa, tarehe 28, na mwezi wa nne niko nyumbani.

Desturi ya hapa ni watu wawili wahesabu bila kuchunguliana, kwa hiyo sikutumii hesabu yake. Aina ya atomi, joto na unene wa wingu nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nihesabie. Utakachosema wewe ndicho nitakachofuata.

Mama Mapacha


Nyumbani,
10 Machi

Mke wangu,

Nimehesabu. Sahihisho ni dogo. Namba ya kwanza ina saizi ya kawaida, inayofuata ni kama sehemu ya mia ya hiyo, na zinazobaki hazifai hata wino. Msogeo wote uko chini ya kosa la kipimo chako. Lipuuze.

Kazi yako imekwisha, na imekwisha vizuri. Hongera.

Baba Mapacha

Nyongeza: Dada? Nyumba yao ina dada watano, nawajua kwa majina. Awamalize hao kwanza.


Maabara,
19 Machi

Baba Mapacha wangu,

Barua yako imefika asubuhi, na mchana tulikuwa na kikao cha maandalizi, basi niliingia nayo mkononi.

Kidevu alisimama akaeleza sahihisho lake kubwa, ubao mzima. Alipomaliza nikasema, "Mimi nina hesabu nyingine. Sahihisho ni dogo, linapuuzwa." Mkurugenzi akauliza nani amehesabu. Nikasema, "Mume wangu. Ndiye aliyemfundisha huyu." Ungeona! Kwa miaka yote hii natambulishwa kama mke wa Mwalimu. Leo mara ya kwanza nimekutambulisha wewe kuwa mume wangu, na chumba kizima kikageuka kusikiliza.

Kidevu alisimama pale na chaki yake. Akasema, "Kama Mwalimu amehesabu, sina neno." Kisha, alipokuwa anafuta ubao, akaniuliza taratibu, "Dada, Mwalimu alitumia urefu gani wa mtawanyiko?" Nikamjibu, "Muulize mwalimu wako, mimi ni mpimaji." Watu wakacheka. Mkurugenzi ameondoa sehemu ya Kidevu kwenye kikao cha Ijumaa, maana haina tena kazi. Kijana alichukua kikombe chake akatoka. Nilimwonea huruma, nisikufiche, lakini nilikuwa nimejaa fahari hadi huruma ikakosa pa kukaa.

Kesho namjibu mkurugenzi kwa mdomo kwamba sibaki, na baada ya kikao nitaandika rasmi. Birika langu nimeshampa fundi wa vioo. Koti zito namwachia yule mama wa mapokezi, analitazama tangu nifike. Waambie mapacha mama yao anarudi.

Unajua kilichonifurahisha zaidi? Kwamba ulikuwa na ghadhabu zote zile za korido na ndevu, na ulipofika kwenye hesabu ukaziweka pembeni. Si kila mtu angeweza.

Mke wako,
Mama Mapacha


Nyumbani,
24 Machi

Mke wangu,

Usisome matokeo Ijumaa. Nimepiga simu yako, haishiki. Nimepiga ya mapokezi, nikamwachia ujumbe yule mama akwambie usifanye lolote kabla ya kupata barua hii, na barua nimeikabidhi kwa watu wa vifurushi vya haraka waifikishe kesho mkononi mwako. Msingi ni huu: Kidevu yuko sahihi. Sahihisho ni kubwa, na hesabu niliyokutumia ni ya uongo. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Barua yako ya tarehe mosi ilinifikia saa nane mchana. Nilikuwa nimekula, sikuwa na homa, sikuwa na usingizi. Nilikaa pale pale mezani, nikaigeuza karatasi yako, nikasoma aina ya atomi. Nilijua hapo hapo. Kuna namba inayosema atomi moja inaiona nyingine kuwa kubwa kiasi gani zinapokutana polepole, ndiyo huo urefu wa mtawanyiko aliouuliza kijana. Kwa atomi nyingi, namba hiyo inakaribiana na umbali ambao nguvu kati yao inafika. Hiyo ndiyo tunayoiita saizi ya kawaida, na wanafunzi wanaruhusiwa kuikisia bila kupima. Lakini kuna aina chache ambazo atomi mbili nusura zishikane. Hazijashikana, ila zimebakiza kidogo sana. Hapo namba hiyo inavimba mara nyingi kupita kawaida, na zile namba za pili na za tatu, ambazo umeahidiwa ni ndogo, si ndogo tena, inabidi uzijumlishe zote. Atomi zako ni za aina hiyo. Jedwali lake liko kwenye rafu nyuma ya kiti changu. Sikulifungua.

Nikwambie kwa nini. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za swichi ya taa. Najua uliiandika kunitania, na kwamba mtu mwenye akili zake angecheka. Mimi nilisoma maneno "tukabaki gizani" nikayarudia, halafu nikasoma "Dada", halafu nikasoma "mwaka mzima mwingine". Ukaniambia sahihisho likiwa dogo unarudi, likiwa kubwa unabaki. Nikachukua kalamu nikaweka saizi ya kawaida, kama vile mwanafunzi anayefanya zoezi la kwanza, na hesabu ikaniletea nilichokuwa nakitaka. Sikuteleza. Sikusahau. Ukurasa wa kuonya juu ya atomi hizi nimeuandika mwenyewe kwenye mihadhara ya mwaka huu, na Jumanne iliyotangulia niliufundisha, nikawaambia kwa ukali kwamba anayekisia namba asiyoipima anajihadaa. Mmoja aliandika hata tarehe pembeni.

Ukiniuliza kama nilijua, jibu ni kwamba nilijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi.

Na wivu wenyewe, kwa kuwa nimeshaanza, haukuwa wa ndevu. Ndevu nilizitumia kwa sababu ni rahisi kuzitaja. Niliona wivu kwamba kijana niliyemfundisha kushika chaki sasa anaandika kwenye ubao unaoutazama wewe, katika maabara ambayo mimi niliomba mara mbili nikakataliwa, na hilo la mara ya pili sikukwambia. Yeye anahesabu kwa ajili ya atomi zilizo hai juu ya meza yako. Mimi nahesabu kwa ajili ya mtihani. Uliposema wewe umeelewa kwa mara ya kwanza maishani, sikusikia kwamba umenielewa mimi. Ulinieleza waziwazi barua iliyofuata, na hata hapo sikusikia.

Kisha ikaja barua yako ya tarehe kumi na tisa. Nilipofika pale ulipoandika kwamba niliweka ghadhabu pembeni, niliifunika kwa sahani. Nikazunguka chumba. Nilifikiri habari za kunyamaza, usidhani sikufikiri. Nilifikiri: kipimo kitalingana na vya zamani, nani atajua? Utarudi, mapacha watafurahi, birika tutanunua jingine. Niliendelea hivyo hadi jioni. Kilichonishinda ni yule kijana kuuliza nilitumia urefu gani, na kuuliza taratibu, ili usiaibike wewe na nisiaibike mimi. Alishajua kosa liko wapi. Angeweza kulisema mbele ya watu wote, akapewa haki yake palepale. Akafuta ubao.

Leo asubuhi nimelifungua jedwali. Nimehesabu upya kwa namba iliyopimwa, nimejumlisha na zote zinazoifuata, na hesabu kamili nimeiambatisha, kurasa nne, hakuna ukurasa uliorukwa. Sahihisho linapita kosa la kipimo chako kwa mbali. Jibu lako halilingani na vipimo vya zamani. Huenda vya zamani ndivyo vyenye kasoro, huenda ni wingu lako; hakuna wa kujua mpaka upime kwa wingu jembamba. Kazi yako haijaisha. Nadhani ndiyo kwanza imekuwa kazi.

Mkurugenzi mwambie hesabu ya mumeo ilikuwa na kosa na kosa ni la mumeo. Usiliite bahati mbaya. Kidevu nimemwandikia mwenyewe, mistari mitatu, na katika yote hakuna mzaha. Nimemwomba arudi kwenye kikao na asome sehemu yake kama alivyoiandika. Kwamba uliwachekesha watu wakamcheka, hilo ni lenu wawili, lakini aliyekupa maneno ya kuwachekesha ni mimi.

Kubaki au kurudi, amua mwenyewe. Safari hii sina hesabu ya kukupa. Ukibaki mwaka, mapacha nitawaeleza, na nitawaeleza sababu. Ukiona huwezi kurudi kwa mtu aliyekufanyia hivi, hilo nalo nimelifikiria, na sikulipata kuwa dogo.

Barua hii nimeisoma tena nikitafuta mahali nilipojitetea. Nilipopaona nimepafuta kwa kalamu, ndiyo maana kuna mikwaruzo. Ningependa urudi. Hilo nalo ni kweli, lakini halimo kwenye zile kurasa nne.

Mumeo,
Baba Mapacha